Mwani Korofi Kwenye Tangi la Maji ya Chumvi: Kuunyima Chakula Pekee Hakutoshi

Mwenye tangi la samaki wa maji ya chumvi akiuliza afanyeje na mwani uliovamia miamba yake, hupewa majibu matatu kwa mkupuo. Huyu humwambia apunguze chakula cha samaki. Yule humwambia anunue kaa. Mwingine humtajia dawa ya fangasi. Hakuna aliyedanganya, lakini wengi wamefuata jibu mojawapo kwa miezi na mwani ukabaki palepale. Shida ni kwamba hapo pana maswali mawili: mwani uliokwisha kushika mwamba unaondokaje, na mwani mpya unazuiwaje kuota? Suala la virutubisho ndani ya maji linahusu zaidi swali la pili. La kwanza ni kazi ya mikono, ya midomo ya wanyama walao mwani, na mara chache ya dawa.

Tukubaliane kwanza kuhusu maneno. Mwani mkubwa ni ule ambao umbo lake linaonekana kwa macho: una vijani, nyuzi ndefu, kamba zinazotambaa au viputo. Utando wa kijani unaoufuta kwenye kioo kila baada ya siku mbili si huo. Vumbi la kahawia kwenye mchanga wa tangi jipya si huo pia, na ule utelezi mwekundu unaobanduka vipande vipande si mwani kabisa, ni bakteria. Hivyo vina tiba zake, na ushauri mwingi huharibika kwa sababu mtu mmoja anazungumzia utando na mwenzake anazungumzia majani. Virutubisho, kwa kadiri ya mada hii, ni naitreti na fosfeti: chumvichumvi zinazobaki chakula kinapooza na samaki wanapojisaidia. Mwamba hai ni mawe ya chokaa yaliyojaa bakteria na viumbe wadogo, na ndipo mwani hushika.

Ni mwani gani huo?

Toa uzi mmoja, utie kwenye bakuli jeupe lenye maji ya tangi, uumulike kwa tochi. Dakika tano hizo zitakuokoa na gharama nyingi.

Ukiona shina la katikati lenye vitawi vimepangika pande mbili kama unyoya, huo ni Bryopsis. Nyuzi laini zisizo na mpangilio huo, zinazolala chapa zikitolewa majini, mara nyingi ni Derbesia. Kiputo cha kijani kinachong'aa, kigumu kidogo ukikibonyeza, ni Valonia au jamaa zake. Kamba inayotambaa juu ya mwamba, ikiinua majani au vishada vya vijipira upande wa juu na kushusha vijizizi upande wa chini, ni Caulerpa. Utepe wa kahawia unaogawanyika mara mbili mbili kila ncha, wakati mwingine wenye mng'ao wa bluu, ni Dictyota. Kisha kuna mwani mwekundu mgumu mithili ya waya, unaokata kucha kabla haujang'oka. Jamii zake ni nyingi, na kwa mfugaji linalohesabika ni ugumu wake tu.

Chaetomorpha, ule wa nyuzi ngumu zilizojikunja bila kushika jiwe, si adui. Watu huufuga kwa makusudi. Tutaurudia.

Kwa nini kukata hakutoshi

Bryopsis, Derbesia na Caulerpa zina jambo moja la ajabu: mmea mzima ni seli moja ndefu yenye viini vingi, bila kuta za ndani zinazoutenga vyumba vyumba. Ungetarajia seli iliyokatwa imwage vilivyomo na kufa. Badala yake jeraha huzibwa upesi kwa ute, na kila upande unaweza kuendelea kuishi. Kipande cha sentimita moja kinachosukumwa na pampu hadi upande wa pili wa tangi kinaweza kushika mwamba mwingine na kuanza upya. Ndiyo maana anayenyonyoa mwani kwa vidole huku pampu zikivuma huwa anapanda, havuni.

Caulerpa ina kingine. Wakati fulani mmea mzima hugeuza vilivyomo kuwa chembe za uzazi na kuzimwaga majini kwa pamoja. Unaamka unakuta maji ya kijani kama maziwa yaliyotiwa rangi na majani yamebaki maganda meupe. Virutubisho vilivyokuwa ndani yake vyote hurudi majini siku hiyo, na oksijeni inaweza kushuka kiasi cha kuhatarisha samaki. Ikitokea, ongeza mwendo wa maji na hewa mara moja, tia mkaa mpya (ule maalumu wa kuchujia maji, si wa jikoni) kwenye chujio, ubadilishe maji.

Kuhusu Valonia, imani iliyoenea ni kwamba kiputo kikipasuka tu tangi limekwisha. Imani hiyo imetiwa chumvi. Kiputo kichanga kilichojaa maji matupu kikipasuka hakina kikubwa cha kusambaza. Cha kuogopwa ni kiputo kilichokomaa, ambacho ukikimulika unaona ndani yake vidoto vidogo vya kijani: hivyo ni vitoto, na kila kimoja kinaweza kuwa kiputo. Kwa kuwa si rahisi kuvitofautisha chini ya maji, ng'oa vyote vikiwa vizima. Kimoja kikikupasukia, kinyonye kwa mpira uendelee na kazi.

Kipimo kinaposema sifuri

Hapa ndipo watu hubishana zaidi. Mtu ana mwani umejaa kila pembe, anapima maji, naitreti sifuri, fosfeti sifuri. Anahitimisha kwamba virutubisho havihusiki. Ni sawa na kuupekua mfuko wa mtu aliyekwisha kulipa madeni yote ya mwezi, ukasema hana mshahara. Kipimo huonyesha kilichobaki majini. Kilichoingia na kunyonywa na mwani hakikioni.

Tufanye hesabu ya tangi la lita 200. Gramu 100 za mwani uliokamuliwa, yaani konzi moja nzuri, zikikaushwa hubaki kama gramu 10. Ndani ya gramu hizo 10 kuna nitrojeni ya kutosha kutengeneza naitreti ya karibu miligramu 5 kwa kila lita ya tangi hilo, na fosforasi ya kutosha fosfeti ya karibu miligramu 0.2 kwa lita. Kwa tangi la matumbawe hicho ni kiasi kikubwa. Kwa hiyo kung'oa konzi ya mwani na kuitoa nje si usafi wa macho tu. Ni kuondoa virutubisho halisi ambavyo kipimo chako hakikuviona.

Upande wa kuingia, fosforasi ni takriban asilimia 1 ya chakula kikavu cha samaki. Gramu 10 za chakula hicho, ambazo samaki wachache huzimaliza kwa wiki moja au mbili, zikioza zote ndani ya lita 200 bila kitu kunyonywa zingepandisha fosfeti kwa miligramu 1.5 kwa lita. Kuosha chakula kilichogandishwa kabla ya kukitia tangini si vibaya, ila fosforasi nyingi imo ndani ya nyama yenyewe, haimo katika yale maji yake. Usitegemee hilo likuokoe.

Miamba nayo huweka akiba. Chokaa hushika fosfeti maji yanapokuwa nayo nyingi, na huiachia maji yanapopungukiwa. Ndiyo maana anayetia chembe za oksidi ya chuma za kunyonya fosfeti huona kipimo kimeshuka leo, na baada ya siku tatu kimepanda tena. Dawa haijaharibika; mwamba unalipa. Endelea kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Anza na nusu ya kiasi kilichoandikwa kwenye kopo na upime kila baada ya siku mbili, kwa sababu fosfeti ikishuka ghafla matumbawe hupauka na tishu zake zinaweza kuanza kubanduka.

Lengo lisiwe sifuri. Kwa tangi la matumbawe mchanganyiko, naitreti kati ya miligramu 2 na 10 kwa lita na fosfeti kati ya 0.03 na 0.1 zinatosha. Ukiziteketeza zote mbili, matumbawe hupata njaa kabla ya mwani, na mara nyingi nafasi hushikwa na viumbe wa seli moja wa jamii ya dainoflajelati, utando wa kahawia wenye viputo vya hewa ambao utakufanya uukumbuke mwani kwa hamu.

Na kabla hujaogopa namba, angalia kipimo chako kinasoma nini. Baadhi ya vipima vya kidijitali huonyesha fosforasi kwa sehemu za bilioni, si fosfeti. Zidisha kwa 3.07, kisha gawanya kwa 1,000: ukisoma 20, fosfeti ni kama 0.06. Vingine huonyesha nitrojeni iliyomo ndani ya naitreti. Hapo zidisha kwa 4.4. Mabishano mengi ya "yangu ni ndogo kuliko yako" huishia hapo.

Kung'oa, hatua kwa hatua

Zima pampu zote, pamoja na ile inayorudisha maji kutoka tangi la chini, yaani lile la machujio lililo chini ya tangi kuu. Subiri maji yatulie. Chukua mpira wa maji wenye kipenyo cha milimita 12 hivi, mdomo mmoja tangini na mwingine ndani ya mfuko wa chujio uliowekwa kwenye ndoo. Mkono mmoja ushike mpira kando kabisa ya shina la mwani, mwingine uvute kutoka kwenye kitako kwa kibano, si kutoka kwenye ncha. Kila kipande kinachokatika kiingie mpirani palepale. Mfuko ukishika mwani, maji yaliyochujika unaweza kuyarudisha, au ukayahesabu kuwa ndiyo maji ya kubadilisha wiki hiyo.

Kwa Caulerpa, fuata kamba hadi mwisho wake na uibandue polepole pamoja na vijizizi. Ukivuta majani, utabaki na kamba itakayoota tena ndani ya siku chache. Kwa Valonia, ingiza ncha bapa ya bisibisi ya plastiki chini ya kiputo na uzungushe kidogo. Fanya hivi kila wiki, eneo moja dogo kila mara, na ulimalize. Anayegusagusa tangi zima kila Jumamosi hamalizi popote.

Mwamba unaotoka utoe. Uweke kwenye ndoo ya maji ya tangi, usugue kwa mswaki mgumu, uusuuze kwenye ndoo ya pili ya maji ya chumvi, urudishe. Mashina yakikataa kutoka, paka haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 mahali penye mwani pekee, mwamba ukiwa nje ya maji, uache dakika 2 au 3, kisha usuuze. Siku chache baadaye mwani hupauka na kulegea, na konokono huumalizia. Peroksaidi huunguza pia matumbawe inayoyagusa, na kamba wa kusafisha hudhurika nayo, kwa hiyo usiimwage tangini.

Lipo onyo ambalo halina mjadala. Matumbawe laini ya jamii ya Palythoa na Zoanthus, yale ya vidude vya duara vyenye nyuzinyuzi ukingoni, baadhi yake hubeba palitoksini, mojawapo ya sumu kali zaidi zinazojulikana katika viumbe. Usisugue mwamba wenye viumbe hao. Ukilazimika kuushika, vaa glavu na miwani, na usiwe na kidonda mkononi. Na usichemshe kamwe mwamba hai ili kuua mwani: mvuke wake umewahi kulaza watu hospitali, pamoja na familia na wanyama waliokuwemo nyumbani.

Wanyama: nani hula nini

Hakuna mnyama anayekula kila mwani, na wengi hupenda majani machanga kuliko yaliyokomaa. Ndiyo sababu ung'oe kwanza, kisha ndipo ulete walaji wadhibiti machipukizi. Ukiwaleta mbele ya msitu, watakula chakula cha samaki wengine na kuutazama tu.

Samaki waitwao kangaja, hasa wa jamii ya Zebrasoma, na tasi (wengine huwaita tafi) ndio wafanyakazi wakubwa kwa mwani wenye majani, na baadhi ya tasi hula hata viputo. Lakini kangaja hataki tangi fupi. Chini ya sentimita 120 za urefu usimfikirie. Tasi ana miiba yenye sumu mgongoni, kwa hiyo mikono iwe na tahadhari unapofanya kazi mle. Mithraculus sculptus, yule kaa wa kijani anayeuzwa kama mkombozi wa Valonia, wengine hula kweli na wengine hawagusi kiputo hata kimoja. Ukinunua kumi, hutajua yupi ni yupi mpaka uwape muda.

Kwa mwani mwekundu mgumu, anayefaa kuliko wote ni yule mnyama wa mviringo mwenye miiba mwili mzima anayetembea juu ya mawe, kwa mfano Mespilia globulus. Meno yake hukwangua hadi kwenye jiwe. Atabeba pia vipande vya matumbawe visivyogundishwa na kuvaa kama kofia, kwa hiyo gundisha kila kitu kabla hajaingia. Dolabella auricularia, konokono mkubwa mwenye mwili laini, husafisha nyuzi upesi mno, kisha hufa njaa. Panga mapema nani utampa akimaliza, na ufunike midomo ya pampu kwa wavu, maana akinaswa anaweza kutoa wino wa zambarau. Elysia crispata, konokono wa bahari asiye na gamba, hunyonya Bryopsis na Derbesia, ila kwa mwendo wake mwenyewe. Dictyota ina kemikali ambazo samaki wengi huzitema. Hapo mkono ndio tegemeo.

Jambo linalosahauliwa: mnyama haondoi virutubisho tangini. Anavihamisha kutoka kwenye jani hadi kwenye kinyesi. Pasipo chujio la povu (chombo kinachotoa uchafu majini kwa mapovu ya hewa) linalofanya kazi vizuri, kunyonya uchafu chini ya mawe na kubadilisha maji, mwani ulioliwa mbele huota nyuma.

Hapa ndipo Chaetomorpha inapoingia. Ukiifuga kwenye tangi la chini chini ya taa yake, ikiwaka usiku taa za juu zinapozimwa, na ukavuna nusu yake kila inapojaa, unatoa virutubisho kwa hesabu ileile ya konzi hapo juu. Usitarajie kwamba itaushinda peke yake mwani wa juu wenye taa kali kuliko yake. Inapunguza kasi ya kurudi. Usiifuge Caulerpa kwa kazi hiyo. Siku moja kipande kitapanda na maji ya pampu.

Giza, magnesiamu na dawa ya fangasi

Kufunika tangi kwa siku tatu hudhoofisha utando na bakteria wa utelezi. Mwani mkubwa una akiba na hungoja taa irudi. Kupunguza saa za mwanga kutoka 12 hadi 8 husaidia kidogo, wala hakuui kitu.

Kupandisha magnesiamu hadi zaidi ya miligramu 1,600 kwa lita, kutoka 1,300 za kawaida baharini, kumewahi kuua Bryopsis katika matangi mengi, na katika mengine hakukufanya lolote, kutegemea bidhaa iliyotumika. Kwa gharama yake, kuna njia ya uhakika zaidi.

Flukonazoli ni dawa ya fangasi ya binadamu. Kwa Bryopsis, na mara nyingi kwa Derbesia, kipimo kinachotumiwa na wafugaji ni kama miligramu 5 kwa kila lita ya maji halisi, yaani baada ya kutoa nafasi ya mawe na mchanga. Tangi la lita 200 lenye mawe laweza kuwa na lita 170 tu, kwa hiyo ni miligramu 850. Ng'oa kwanza mwani wote unaofikika. Toa mkaa kwenye chujio na uzime taa ya miale ya urujuanimno kama ipo. Koroga unga wa dawa kwenye kikombe cha maji ya tangi, umimine mahali penye mwendo mkali. Kwa wiki ya kwanza huenda usione kitu, na hapo ndipo wengi huongeza dozi kwa pupa. Usiongeze. Wiki ya pili Bryopsis hupauka na kukatika. Baada ya siku 14 badilisha asilimia 20 hadi 30 ya maji, rudisha mkaa.

Mwani unaokufa hurudisha naitreti na fosfeti majini, kwa hiyo pima mara mbili kwa wiki kipindi hicho chote. Usiijaribu dawa hii kwenye Valonia, na kwa mwani mwingine matokeo hayatabiriki. Anayetibu kiputo kwa flukonazoli anapoteza wiki mbili na vidonge.

Unachotoa na unachoingiza

Mwani uliong'olewa usiutupe baharini, mtoni wala kwenye mfereji. Mwaka 1984 Caulerpa taxifolia ilionekana baharini mbele ya jumba la makumbusho ya bahari la Monaco, eneo dogo tu, kisha ikaenea sehemu kubwa ya Mediterania. Mwaka 2000 ikaonekana California, katika wangwa wa Agua Hedionda, na Wamarekani walilazimika kuifunika kwa maturubai na kuiua kwa klorini. Ilitangazwa kuwa imekwisha mwaka 2006. Wewe ugandishe kwenye friza kwa siku moja au uukaushe juani mpaka uvunjike, ndipo uutie kwenye taka.

Mwani mwingi huingia ukiwa umejificha chini ya kijiwe ambacho kipande cha tumbawe kimegundishwa. Dawa za kuoshea matumbawe huua minyoo na wadudu. Mwani hupita salama. Kata kijiwe hicho na ukitupe, ugundishe tumbawe kwenye kingine kipya, kisha uliweke kwenye tangi dogo la pembeni kwa wiki 4 hadi 6 chini ya mwanga wa kawaida. Kama lilibeba kitu, kitaota humo, kikiwa juu ya kijiwe cha sentimita 2 unachoweza kukitoa kwa vidole viwili.